Anayehudumia watoto, naye asikilizwe

Tukitaja afya ya akili, tunamfikiria mtu mzima. Mtoto wa miezi sita hatumfikirii. "Bado hajui kitu," tunasema. Kumbe anausoma uso na sauti ya anayemshika kabla hajajua neno hata moja.

Katavi kwetu jambo hili ni zito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Hakuna mkoa uliotuzidi. Basi muuguzi wa kliniki mjini Mpanda, mhudumu wa afya ya jamii kule Mishamo na sista wa chekechea hukutana na watoto wawili kwa mpigo: aliye mgongoni na anayembeba.

Kazi hiyo inachosha moyo. Tuseme binti wa miaka 16 amechelewesha chanjo, mtoto amekonda, na mama hamtazami usoni. Muuguzi anapandwa na hasira, anamgombeza mbele ya foleni. Mwezi unaofuata binti haji tena. Je, muuguzi ni mtu mbaya? La hasha. Pengine naye alilelewa kwa kugombezwa, au nyumbani ana binti wa umri huohuo. Ila hakuna aliyekaa naye akamwuliza: ulipomwona yule binti, wewe ulijisikiaje?

Huko Marekani, mwaka 1975, Selma Fraiberg na wenzake waliandika jinsi machungu ya utotoni mwa mzazi yanavyorudi anapomlea mwanawe. Anayewahudumia hao wawili naye ana utoto wake. Ndiyo maana katika fani hiyo mhudumu hutengewa saa ya kukaa na mwenzake mzoefu, wakarudia tukio moja polepole: nini kilitokea, nilihisi nini, mtoto alikuwa anapitia nini. Si ukaguzi. Sisi tumezoea msimamizi anayefika na kuomba rejista.

Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto Desemba 2021, jambo jema. Lakini parokia haihitaji kusubiri mtu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha wenzake kujichunguza kila siku, na kila frateri ana mlezi wake wa kiroho. Kwa nini sista wa chekechea akose mtu wa namna hiyo katika kazi yake?

Parokia itoe chumba na saa moja kila baada ya majuma mawili. Majina ya akina mama yasitajwe, maana Mpanda ni mji mdogo. Aongoze muuguzi au afisa ustawi wa jamii mzoefu, si paroko. Hapa wengine watanipinga, lakini chekechea ikiwa ya parokia, paroko ndiye mwajiri, na nani atamwambia mwajiri wake kwamba amechoka? Frateri aliye katika mwaka wa kichungaji aingie, akae pembeni, asikilize tu. Miaka michache ijayo binti yuleyule atamletea mtoto abatizwe.