Migodi si kimbilio kwa vijana wa Kedowa wasio na ufundi

KIJANA anayemaliza Kidato cha Nne Kedowa, Kaunti ya Kericho, anakabiliwa na swali ambalo wazazi wake hawakulazimika kulijibu. Kwa miongo mingi, aliyekosa karo ya chuo alijua kwamba mashamba makubwa ya majanichai yangempokea. Sasa mashine moja inafanya kazi ya mikono mingi. Ghasia za Mei 2023, ambapo mashine hizo ziliteketezwa Kericho na maisha kupotea, zilidhihirisha ukubwa wa hofu hiyo.

Ndiposa macho ya wengi yanaelekea migodini, hasa baada ya serikali kulegeza, Oktoba 2023, marufuku ya leseni mpya za madini iliyowekwa 2019.

Lakini mlango wa migodi si mpana jinsi inavyodhaniwa. Anayetaka kuwa mhandisi wa migodi, kozi inayofunzwa katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta na kile cha JKUAT, sharti apate angalau gredi ya C+ katika KCSE na afanye vyema katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Diploma huhitaji C-, nayo cheti cha ufundi D. Aliye chini ya hapo bado anaweza kusomea ufundi wa ngazi ya mwanzo katika vyuo vya kiufundi.

Je, malipo? Agizo la mishahara la Novemba 2024 lilimwekea kibarua wa shambani asiye na ujuzi kima cha chini cha takriban Sh7,997 kwa mwezi, huku kibarua wa kawaida jijini akiwekewa Sh16,113. Mchimbaji mdogo wa dhahabu Migori au Kakamega hana hata kima hicho. Yeye hugawana mawe na mwenye shimo, na mawe yakikosa dhahabu hurudi nyumbani mikono mitupu. Wengine hawarudi kabisa, kama ilivyotokea Mei 2024 mgodi ulipoporomoka Dabel, Marsabit.

Hata kampuni kubwa hazidumu. Base Titanium ilikamilisha uchimbaji Kwale Desemba 2024, takriban miaka 11 tangu ianze. Karibu na Kericho, uchimbaji wa madini ya floraspa huko Kimwarer, Elgeyo Marakwet, ulisitishwa 2016 na kuacha familia nyingi bila riziki.

Sheria ya Madini ya 2016 inataka wenyeji wa eneo la mgodi wapewe kipaumbele katika ajira, na asilimia 10 ya mrabaha iwaendee wao. Kwa kijana wa Kedowa, ambako hakuna mgodi mkubwa, kifungu hicho kina maana moja: akienda Kwale au Migori atakuwa mgeni nyuma ya foleni, isipokuwa awe na ujuzi ambao wenyeji hawana.

Kwa hivyo, busara ni kusomea kazi isiyofungwa na mgodi mmoja. Fundi wa umeme, wa kuchomelea vyuma au wa mitambo mizito huhitajika mgodini, katika ujenzi wa barabara na katika viwanda vya majanichai vyenyewe. Mashine iliyomnyima mama kazi ya kuchuna inahitaji mtu wa kuitengeneza inapoharibika. Iwapo viongozi wa Kericho wanajali, basari zielekezwe huko kabla ya kizazi kingine kuingia mashimoni bila chochote mkononi ila sururu.