Sukari Imeshuka au Imepanda?

Aghalabu mgonjwa wa kisukari hurejea nyumbani kutoka hospitali na karatasi ya Kiingereza, na anayetakiwa kuisoma ni kijana wa sekondari. Wiki hii tumeona tuyaeleze maneno mawili yanayombabaisha kijana huyo: "hypoglycaemia" na "hyperglycaemia".

Kwa sura, maneno haya ni pacha. Ondoa "o" baada ya "hyp" katika la kwanza, weka "er", umepata la pili. Kwa maana, yako mbali kama mbingu na ardhi. Asili yake ni Kiyunani: "hypo" ni chini, "hyper" ni juu ya kiasi. La kwanza, basi, ni sukari kushuka katika damu. La pili ni sukari kupanda.

Aliyeshukiwa na sukari hutetemeka, hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, na pengine maneno yake hayaeleweki. Hali hii humpata hasa aliyetumia insulini kisha akachelewa kula. Kipimo kikionyesha chini ya 3.9, au chini ya 70 kwa mashine zinazopima kwa miligramu, mpeni upesi vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha mpimeni tena baada ya dakika 15. Ikiwa amefunga Ramadhani, na afungue papo hapo. Asingoje adhana ya magharibi. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa.

Aliyepandwa na sukari hushikwa na kiu, hukojoa mara kwa mara na huchoka. Huyo mkimpa maji ya sukari, mnamzidishia maradhi. Apewe maji matupu na apelekwe kwa tabibu.

Je, kama hakuna kipimo na dalili zinatatanisha? Mpeni sukari, kwani kushuka huua haraka zaidi. Lakini aliyezimia asitiwe chochote kinywani, akimbizwe hospitali.

Tunawausia jambo moja jepesi. Kabla ya kutoka hospitali, mwombeni muuguzi aandike kwa kalamu, kando ya kila neno, "imeshuka" au "imepanda". Saa nane za usiku, mgonjwa akitetemeka kitandani, hakuna atakayekuwa na utulivu wa kuhesabu herufi.