Maksi za kuongea

Ukifungua vipeperushi vya vyuo vikubwa vya biashara duniani, utakuta picha ileile: vijana sita wa rangi mbalimbali, wote wanacheka, vikombe vya kahawa mkononi. Chini yake wameandika idadi ya mataifa. Halafu mara moja kwa mwaka kuna usiku wa tamaduni. Mhindi anapika biriani, Mnigeria anavaa agbada, na Mtanzania anaombwa avae shuka la Kimasai hata kama kwao ni Tanga.

Sina ugomvi na biriani. Ugomvi wangu ni na kinachotokea kesho yake asubuhi darasani.

Chukua Harvard Business School kule Boston, chuo kilichoanza 1908. Pale hawategemei mihadhara. Darasa la watu wapatao 90 linakaa nusu duara, kila mmoja ana kibao cha jina mbele yake, na linajadili kisa cha kampuni fulani iliyobanwa. Profesa anaweza kukunyooshea kidole wakati wowote. Kuchangia huko kunaweza kubeba nusu ya maksi za somo. Nusu, jamani! Maana yake aliyekesha anasoma kisa kisha akanyamaza anaweza kupitwa na yule aliyekipitia kwenye lifti ila anajua kupayuka.

Sasa mweke pale mtu aliyelelewa kwamba mkubwa akizungumza unasubiri amalize, na kwamba kunyoosha mkono kila dakika ni kiherehere. Kiingereza anakijua, na mjinga si. Anatafuta pengo la kuingilia na pengo halitokei. Hata sisi waandishi tunalijua hilo. Kwenye mikutano ya habari hapa Dar, mwenzetu wa shirika la nje ameshauliza mara tatu, sisi bado tunaangaliana. Tukitoka nje kwenye chai ndipo maswali mazuri yanapoanza.

Wengi watasema dawa ni huyo mgeni afundishwe kujiamini. Ni kweli, kwa kiasi. Lakini kati ya 2011 na 2013 chuo hichohicho, chini ya mkuu wake wa wakati huo, Nitin Nohria, kilijaribu kitu kwa ajili ya wanawake, ambao walikuwa wakiingia na alama sawa na wanaume kisha wanaachwa nyuma. Wanawake walifundishwa hata kunyoosha mkono, naam, ila mambo hayakuishia kwao. Chuo kiliweka watu darasani wa kuandika yanayosemwa, ili profesa asitoe maksi kwa kumbukumbu peke yake. Maprofesa wakapewa programu ya kompyuta ya kuwaonyesha wanamwita nani na wanampa ngapi. Jodi Kantor aliiandika habari hiyo katika New York Times Septemba 2013: pengo la maksi lilikuwa limepungua sana, na karibu asilimia 40 ya waliotunukiwa heshima ya Baker, inayotolewa kwa asilimia 5 ya juu ya darasa, walikuwa wanawake. Yalibadilishwa mengi kwa pamoja, siwezi kusema ni lipi lililofanya kazi zaidi. Ila mwenye kutoa maksi naye alikaguliwa.

Ripoti hiyo ina jambo jingine lililonikaa kichwani. Wapo wanafunzi waliolalamika kwamba kinachowagawa zaidi ni fedha. Kulikuwa na kundi wakiliita Section X, la matajiri wa kutupwa, wengi wao wanaume kutoka nje ya Marekani. Kumbe hata ugeni una matabaka! Mtoto wa bilionea yuko nyumbani popote pale. Aliyekuja kwa mkopo, ambaye maksi zile ndizo zitakazompa kazi ya kuulipa, huyo ndiye mgeni.

Usiku wa tamaduni uendelee, nikialikwa nitakuja kula. Ila kabla hamjaniuliza nitavaa nini, niambieni kwanza: muhula huu profesa amewaita mara ngapi wale ambao hawakuzaliwa na Kiingereza, na amewapa ngapi?