Hiyo Miti Haijakaa Bure

Wasee, kuna sentensi inaniudhi sana: "Hii ploti imekaa bure tu." Ukiangalia, ploti yenyewe imejaa miti. Sasa bure ni gani hapo?

Profesa Wangari Maathai alielewa hii kitu mapema. Wengi wetu tunamjua kwa ile Nobel ya 2004, lakini huyo kwanza alikuwa mtu wa bayolojia. Digrii ya kwanza alipata Kansas 1964, ya pili Pittsburgh 1966, kisha PhD Chuo Kikuu cha Nairobi 1971, akafundisha anatomia ya mifugo. Mtu wa sayansi hakuhitaji kuambiwa mti hufanya kazi gani. Majani hupunguza kishindo cha mvua, mizizi hushika udongo, maji huzama polepole, na mto haukauki kiangazi. Kata hiyo miti, mvua ileile inaingia kwa nyumba yako.

Ndiyo maana mabwenyenye walipogawiwa viwanja ndani ya Karura, hakunyamaza. Tarehe 8 Januari 1999 alienda kupanda mti tu, wahuni wakampiga mpaka kichwa kikatoka damu. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani kwa hasira. Leo Karura bado iko, zaidi ya hekta 1,000, na wewe unaenda kupiga picha huko Jumapili.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina lekcha wa kuogopa. Nasema hivi: vile vimisitu vya ndani ya kampasi vinahitaji watu kama yeye sai. Najua mtaniambia hosteli hazitoshi. Ni kweli, vijana wanalala wanne kwa chumba cha wawili. Lakini mbona shoka huanzia kwa miti, na maegesho ya magari ya wakubwa hayaguswi? Jengeni kwenda juu. Gorofa huchukua mwaka mmoja au miwili kusimama, lakini mvule uliokatwa utasubiriwa na wajukuu.

Kwa hivyo ukiona mabati yamezungushiwa miti kampasini kwenu, usipite tu na earphones. Uliza ripoti ya mazingira iko wapi, na NEMA waliidhinisha lini. Katiba, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Ulizeni mkiwa wengi, kwa maandishi, kabla msumeno haujawashwa. Ukishawashwa, mtabaki kuandika RIP kwa kisiki.