Mchezo wa Kompyuta Katika Somo la Hisabati: Tuanzie Wapi?

Wako walimu wanaoudharau mchezo wakiuita upotevu wa wakati, na wako wengine wanaopokea kwa mikono miwili kila mchezo wa kompyuta, mradi una tarakimu ndani yake. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Swali linalompasa mwalimu ni moja tu: je, mtoto anapocheza, anafikiri kihisabati, au anaipita hisabati ili auwahi mchezo?

Tutazame mchezo wa aina inayopatikana kwa wingi. Mtoto anaendesha gari. Mara barabara inafungwa na swali linatokea: 7 × 8. Akijibu sawasawa, barabara inafunguka. Asiyejua hubahatisha jibu moja baada ya jingine mpaka mlango ukubali. Hapa furaha imewekwa kwenye gari na hisabati imewekwa kuwa kizuizi. Mtoto huyo hajifunzi kuzidisha. Anajifunza kwamba kuzidisha ni adhabu inayotangulia raha. Mchezo wa namna hiyo ni zoezi la ubaoni lililopakwa rangi.

Sasa tuulinganishe na mchezo uliotungwa na Bonnie Anderson Seiler katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mtambo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na ambao hujulikana kwa kifupi kama West. Wachezaji wawili hushindana katika njia yenye hatua 70, na kila baada ya hatua 10 pana mji. Mchezaji hupewa namba tatu, naye huziunganisha kwa alama mbili tofauti za hesabu, akitumia mabano apendapo. Jibu lake ndilo idadi ya hatua atakazokwenda. Akifika mjini hasa, hurushwa mpaka mji unaofuata.

Tuseme mtoto yupo kwenye hatua ya 13, na namba zake ni 1, 2 na 4. Aliyezoea kujumlisha namba mbili ndogo na kuzidisha kwa kubwa ataandika (1 + 2) × 4, apate 12, afike 25. Lakini mwenzake akiandika 2 × 4 − 1 hupata 7, hufika 20, ambako kuna mji, na papo hapo hurushwa hadi 30. Jibu dogo limeshinda jibu kubwa! Akikosea akaandika 2 × (4 − 1), atapata 6 na kusimama 19, hatua moja tu kabla ya mji. Hapana aliyemkemea wala aliyemwekea alama ya kosa. Kete yenyewe imemwonyesha kazi ya mabano. Katika mchezo huu huwezi kuiondoa hisabati ukabakiwa na mchezo.

Hata hivyo, mchezo mzuri peke yake hautoshi. Richard Burton na John Seely Brown walipouchunguza mchezo huo waliona kwamba wanafunzi hukwama katika mtindo mmoja wa kuunganisha namba, wala hawatafuti mwingine. Ndipo wakatunga programu ya kumshauri mchezaji. Programu hiyo ililinganisha alichofanya mtoto na ambacho angeweza kufanya, ikangojea mpaka udhaifu wake ujidhihirishe, kisha ikasema neno pale tu ambapo njia iliyo bora ilikuwa bora waziwazi. Tena haikumshauri mara mbili mfululizo, ili isimnyang'anye mchezo wake. Tunawaomba walimu wanafunzi waitafakari nidhamu hiyo, kwa maana wengi wetu tuna haraka ya kusahihisha kuliko ya kutazama.

Nchini Tanzania tunao ushahidi wa karibu. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, programu tano za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu zilijaribiwa kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga. Wengi wao hawakuwa wamepata kwenda shule. Mwezi Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi sawa. Wako waliotoa hitimisho kwamba mwalimu sasa si wa lazima. La hasha! Vishikwambi vilikuwa vya namna moja kwa makundi yote matano, lakini matokeo yalitofautiana. Basi kilichofundisha si kifaa, bali fikra za ualimu zilizotiwa ndani yake.

Kwa sababu hiyo twashauri kwamba anayetaka kutunga mchezo wa kompyuta asianze na kompyuta. Achukue kipande cha boksi, achore njia ya hatua 70, atengeneze kadi za namba, na vifuniko vya soda viwe kete. Awape watoto wanne, kisha akae kimya atazame. Wanabishana juu ya nini? Nani anabahatisha? Nani ameona njia ambayo mwalimu mwenyewe hakuiona? Aidha, ajihadhari na kanuni ya kumtoa nje anayekosea, maana anayetolewa kwanza ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote. Kanuni ikishindwa kwenye boksi, haitaokolewa na picha wala muziki. Ikifaulu, hapo amwite mtaalamu wa kompyuta, naye atakuwa na jambo la kumwagiza.

Na kama kompyuta haitafika shuleni kwake mwaka huu wala mwaka ujao, darasa lake litakuwa limekwisha kuupata mchezo.