Tusiitupe Tarakilishi Kabla ya Kuisikiliza



Hapa kwetu Tabaka, mchongaji hapigi jiwe la sabuni kabla ya kuligeuzageuza aone kama lina ufa. Mbona basi sisi wana-Kiswahili nusura tuitupe tarakilishi ya chama bila hata kuisikiliza?

Muhula uliopita, kipakatalishi kikuukuu tunachoandalia jarida hili kilianza kulia ka! ka! Kufungua makala moja ikawa ni kungoja na kungoja. Wengine wakasema ni vumbi la mawe. Wengine wakailaumu Linux, ati cha bure hakina maana. Fundi mmoja akatuambia, "Hii imekwisha, nunueni nyingine." Kwa pesa gani?

Mimi nilikataa. Kwanza tulinakili makala zote kwenye flashi, kwani tahadhari kabla ya hatari. Kisha tukaipima diski kwa programu iitwayo smartctl. Sehemu mbovu hazikuwapo. Kumbe kichwa cha diski kilikuwa kikiegeshwa mara mbili kila dakika! Ni utaratibu wa kuokoa umeme: diski ikitulia sekunde chache, kichwa huegeshwa, Linux ikitaka kuandika kitu, huamshwa tena. Diski nyingi za vipakatalishi zimekadiriwa kuhimili kuegeshwa mara 600,000 hivi. Piga hesabu: mara 120 kwa saa, saa 8 kwa siku, ni siku 625 tu za masomo!

Dawa ilikuwa amri moja: hdparm -B 254, ikifuatwa na jina la diski. Kelele zikaisha. Tulipozima na kuwasha, zikarudi, maana mpangilio ule haudumu umeme ukikatwa. Tukauandika katika faili ya /etc/hdparm.conf, basi.

Najua mtaniuliza, je, betri? Kweli, itaisha upesi kidogo, na diski itapata joto zaidi. Lakini kuokoa umeme kidogo huku unaua diski ni akiba gani hiyo?

Sisemi kila diski hupona, iliyooza imeoza. Ninachowaomba walimu wetu ni hiki: kabla ya tarakilishi yoyote kutupwa stoo, sisi wanafunzi tupewe siku moja tuichunguze. Tutaokoa pesa na tutajifunza kazi. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Shime, wenzangu!