MNEMBA NA WENYEWE

Bahari ikitulia, mashua hutoka Matemwe na Nungwi kuwapeleka wageni Mnemba. Huvaa miwani ya maji, wakauma mrija, wakalala kifudifudi juu ya maji kutazama matumbawe na samaki. Hatuwaonei choyo, neema ya Mwenyezi Mungu haipungui kwa kutazamwa.

Lakini twauliza. Mvuvi wa Matemwe hana ruhusa ya kutia mguu kisiwani humo, kwani kimekodishwa kwa hoteli, na tangu mwaka 2002 bahari yake ni hifadhi. Hifadhi twaikubali. Tumbawe ni kiumbe hai, na mengine hayaongezeki hata sentimita mbili kwa mwaka. Na mwaka 1998 mengi yalipauka yakafa kwa joto la maji. Basi vipi mvuvi ausiwe kuihurumia bahari, ilhali nahodha wa watalii anatupa nanga juu ya tumbawe, na mgeni analikanyaga apigwe picha?

Twataka maboya ya kutosha ya kufungia mashua, na ada za wageni zihesabiwe hadharani mbele ya wanakijiji. Na watoto wa skuli nao wapelekwe. Wengi wao matumbawe wayajuayo ni yale ya kuta za nyumba zao.